Siku Walipokuja Kupima Kelele

Mama mkwe wangu nampenda, ila nampenda akiwa kwake. Kwetu ni vyumba viwili, watoto watatu na maspika ya mume wangu, maana kazi yake ni kukodisha muziki wa harusi. Kwa hiyo tuliposikia kituo cha umeme wa gesi kitajengwa nyuma ya ukuta wa Mama, mimi ndiye niliyekosa usingizi. Alishasema wazi kwamba kikijengwa, anahamia kwetu.

Kibali kilikuwa bado. Ofisa wa mazingira alikuja na kifaa chenye kichwa cha sifongo, akakisimamisha uani kwa Mama. Akatueleza kwamba kabla ya kibali lazima wajue kelele zilizopo sasa, na kifaa kingesikiliza kutwa nzima. Akaaga, akaenda zake.

Mama akafunga geti, akaniita jikoni.

"Mwanangu, tutumie akili. Wakikuta hapa pameshajaa kelele, wataona hapana nafasi ya kelele nyingine."

"Mama, una hakika?"

"Nimelea watoto saba, nisijue mambo ya kelele?"

Mume wangu, ambaye mbele ya mama yake hana ubavu, akaleta maspika yote. Majirani wakaja na masufuria na miko. Mama mwenyewe akaweka kiti karibu na kifaa, akaanza kumsema marehemu baba mkwe, kosa kwa kosa, tangu siku ya ndoa yao. Hata maji Mama aliyanywa kwa kuibia, asikatize orodha yake. Kuku wa jirani walihama uzio siku ile.

Mkutano wa maoni ukafanyika kwenye ukumbi wa shule. Ofisa akasoma matokeo: hata mitambo yote ikiwashwa kwa pamoja, itakuwa na utulivu kuliko uani kwa Mama. Kwa upande wa kelele, akasema, haoni sababu ya kunyima kibali. Watu wa kampuni wakapeana mikono.

Mama akaninong'oneza, "Nitakuja na kitanda changu. Vya kwenu vinaniumiza mgongo."

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikasimama mbele za watu nikapasua jipu: maspika, masufuria, marehemu, yote. Mume wangu akatazama viatu vyake. Mama akaniangalia kana kwamba hajawahi kuniona.

Ofisa akavua miwani, akaifuta, akasema vipimo vile havifai na vitarudiwa. Nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Laiti angeishia hapo.

"Kifaa kinarudi leo," akaendelea, "na kitakaa pale mpaka mvua ziishe, maana bati likinyeshewa hupiga kelele, na kipimo cha siku hiyo tunakitupa. Sharti langu ni moja tu. Muda wote huo, huyu mama asiwe karibu nacho."

"Sasa mimi nikae wapi, baba?" Mama akauliza, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Mvua bado zinanyesha. Kitanda chake kimeziba mlango wa chumba cha watoto, tunapita kwa ubavu. Na jana amemwambia mume wangu auze yale maspika, eti nyumba hii ina kelele mno.