Mungu Aliyefunikwa Blanketi

Mchongaji yule alikuwa na mikono ya dhahabu na mdomo wa kengele. Alichonga miungu ya mbao ya kuuza. Mkubwa kuliko wote, aliyemchukua miezi minne ya kazi, alimlaza katika chumba cha mama yake nyuma ya karakana, kavingirishwa blanketi, ili mti ukauke taratibu. Mama alilala kitanda cha pembeni. Miguu yake ilikuwa imegoma, mwaka wa saba huo.

"Mgeni wako ana blanketi zito kuliko langu," mama alilalamika asubuhi.

"Upepo ukimpiga atapasuka, mama."

"Makubwa! Mungu anaogopa upepo? Wangu ndiye aliyeuumba."

"Wako hata sura hana."

"Atakuwaje nayo, na wewe hukumchonga? Ipange miungu yote ya mataifa mstari mmoja, mwanangu. Hakuna hata mmoja wa kumfikia kisigino."

"Huyu lakini ndiye anayetulisha."

"Anayekulisha ni patasi!"

Mchongaji akacheka, akaenda zake kazini.

Adhuhuri aliinjika mafuta ya kung'arishia mbao, akatoka barazani kubishana na jirani yake, fundi viatu, ni nani kati yao mwenye kofia mbaya zaidi. Ubishi ulinoga. Mafuta yakafurika, yakamwagikia maranda, na karakana ikalipuka moto kama iliyokuwa ikingoja ruhusa.

"Mama!"

Alijitosa ndani. Moshi ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria. Akapapasa, akakumbatia blanketi, akajitwika begani. Uzito ulimshangaza, ila nani hupima uzito wa mama yake motoni?

"Vumilia, mama. Nimekushika, usiogope."

Alimlaza barabarani. Fundi viatu akafunua blanketi ampe hewa.

"Jirani... huyu si mama."

Uso wa mbao uliwatazama, macho kodo, bila hata kikohozi.

Hapo hapo paa likaporomoka. Wanaume wanne walimshika mchongaji asirudi ndani, akawauma wawili. Hakuwahi kumwomba yeyote ambaye hakumchonga mwenyewe, na sasa hakujua aanzie wapi. "Wewe wa mama!" alipiga ukelele. "Wewe wa mama, unanisikia?"

"Mbona kelele zote hizi mchana kweupe?"

Barabara nzima iligeuka. Mama alikuwa amesimama kando ya ukuta wa fundi viatu. Amesimama, kwa miguu yake miwili! Gauni lake halikuwa na hata chembe ya masizi, wala halikunuka moshi.

Mchongaji aliketi chini puu, kama gunia lililokatwa kamba.

"Mama... nani kakutoa?"

"Niliita, nikabebwa. Mikono sikuiona. Nilihisi nimepakatwa tu, kama nilivyokupakata wewe ulipokuwa mchanga."

Akakitazama kile kilicholala kwenye blanketi.

"Na huyo uliyembeba wewe, amesema asante?"

Mchongaji alibaki kinywa wazi. Alimtazama mama, akautazama moto, akaitazama ile miguu, akaigusa kwa kidole kimoja kama mtu anayeigusa pasi ya nguo ajue iwapo ina joto.

"Funga mdomo, mwanangu, nzi wataingia," mama alisema. "Na wewe fundi viatu, acha kutetemeka uje unipime mguu. Nina deni la miaka saba ya kutembea."