Afande Aingia Mkahawani

"Lete mguu," mlinzi alisema, na mbwa akanyanyua mguu wa mbele akauweka kwenye goti lake, kama mteja anayepimwa kiatu. Povu la sabuni ya kufulia lilikuwa limemfika masikioni. Maji ya bomba la bustani yalikuwa ya baridi, lakini mbwa hakulalamika. Alifumba macho tu na kusubiri yaishe. "Na huo mwingine. Leo sitaki mtu aseme tumeingia na matope."

Mlinzi huyo, pale mkahawani wote walimwita Geti, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya tangu mahali pale pafunguliwe: kufungua geti na kufunga geti. Mbwa aliitwa Afande. Jina alipewa na Geti mwenyewe, enzi hizo akiwa bado wa kubebwa kwa mkono mmoja, maana alikuwa hampitishi mtu bila kumnusa kuanzia viatu hadi mfukoni. Sasa alikuwa mbwa mzima, anayeanza kuzeeka, wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Sikio hilo lilipigwa panga siku wezi waliporuka ukuta kufuata mitungi ya gesi ya jikoni. Mitungi ilibaki. Meneja alifurahi sana, akampiga Geti begani mbele ya wapishi, akasema hapa tuna mbwa. Habari ya sikio hakuuliza.

Meneja huyo huyo ndiye aliyekuja kibandani kwa Geti asubuhi ya leo, mikono mfukoni.

"Mzee, huyu mbwa aondoke. Wateja wa mchana wasimkute."

"Aondoke aende wapi, bosi?"

"Mpeleke mbali, umwache huko. Hakikisha harudi. Watu wanalalamika. Mtu anakuja na mbwa wake, kaogeshwa, kavalishwa, halafu mlangoni anapokelewa na hili jitu. Mbwa ni wa mkahawa, na mkahawa umeamua. Tutaweka kengele ya umeme."

"Sawa, bosi," Geti alijibu.

Alisema sawa kwa sababu ulimi wake ulishazoea njia hiyo, haukungoja kuulizwa. Meneja alipogeuka, Geti alibaki amekaa kwenye kigoda chake, anajiona mjinga. Afande alikuwa amelala miguuni pake, hana habari kwamba ameshauzwa kwa neno moja. Kwa muda mrefu mlinzi hakuweza kumtazama usoni.

Kilichomuuma zaidi ni bango. Lilikuwa juu ya geti, kubwa, la rangi za kupendeza: KARIBU WEWE NA RAFIKI YAKO WA MIGUU MINNE. Geti ndiye aliyepanda ngazi kulitundika, meneja akiwa chini anaelekeza, pandisha kushoto, shusha kidogo. Tangu lilipowekwa, mlinzi ameyaona ya kuyaona. Ameona kambwa keupe kenye utepe kichwani kakilishwa biskuti kwa uma. Ameona paka kaja na kikapu chake na mto wake. Ameona dume moja la mbwa, manyoya kama zulia, limejilaza katikati ya njia na wahudumu wanaliruka na trei mkononi, wanaliomba radhi. Kila mmoja aliletewa bakuli la maji yenye vipande vya barafu. Afande aliyatazama yote hayo kutoka upande wake wa uwanja, hajawahi kusogea hata hatua moja.

Na hakusogea kwa sababu alifundishwa. Mahali uwanja wa magari ulipoishia na mkahawa kuanza, palikuwa na mstari wa vigae vyekundu. Siku za mwanzo meneja alikanyaga mstari ule kwa ncha ya kiatu akasema, mbwa asivuke hapa. Geti aliviringisha gazeti, na kila pua ya mtoto wa mbwa ilipopita kigae, gazeti likashuka. Haikuchukua muda. Baadaye wapishi walifanya mchezo: walitupa mfupa wenye nyama upande wa pili, wakakaa kungoja. Afande alilala kando ya mstari, mate yanamtoka, hakuvuka. Wapishi walivunjika mbavu kwa kucheka, na Geti alicheka pamoja nao, tena kwa kujivuna, kwamba mwaona kazi yangu.

Alimfuta Afande kwa gunia kavu, kisha akampigia simu mkewe. Walikuwa wakiishi chumba kimoja, na mwenye nyumba alikuwa mtu wa kukataza hata kuku. Geti alieleza kwa kifupi, akijikwaakwaa, akitegemea kugombezwa.

"Mlete," mkewe akasema. "Mwenye nyumba niachie mimi. Siku nyingi namtafutia sababu."

"Nitamleta. Ila kuna mahali napita naye kwanza."

"Wapi?"

"Kunywa chai."

Aliikunja sare yake vizuri, akaiweka juu ya kigoda, filimbi na rungu juu yake. Akavaa shati alilokuja nalo kutoka nyumbani, akalifunga vifungo vyote. Kwa kuwa mbwa wa wateja hawaingii bila kamba, alifungua kamba ya kuanikia sare akamfunga Afande shingoni, fundo legevu. Akapiga moyo konde. Geti la nje lilikuwa limefungwa kwa komeo. Akaliacha hivyo hivyo, wakaanza kuukatiza uwanja, mzee na mbwa wake, jua likiwapiga migongoni.

Walipofika kwenye vigae vyekundu, Geti alivuka. Kamba ikakaza nyuma yake. Afande alikuwa ameketi.

"Twende," Geti alisema kwa sauti ya chini.

Afande akalala kabisa, kidevu chake kimegusa ukingo wa kigae, kisizidi hata kidogo. Meza za karibu ziligeuza shingo. Kijiko kililia ndani ya kikombe, kikanyamaza. Meneja alitoka nyuma ya kaunta akija haraka, huku anawatabasamia wateja kulia na kushoto.

"Mzee, vipi tena? Sare iko wapi?"

"Nimekuja kunywa chai."

"Na hiki?"

"Rafiki yangu. Ana miguu minne, waweza kuihesabu."

Mtu mmoja alicheka nyuma ya kikombe. Meneja akasogea, akashusha sauti. "Usinitie aibu mbele za watu. Lile bango si la mbwa wa namna hii."

"Bango nililitundika mimi, bosi. Hiyo namna sikuiona imeandikwa wapi."

"Amechanjwa?"

"Si ulimleta daktari mwenyewe? Ulisema asije akatumalizia wateja."

Meneja akamtazama mbwa aliyejibana pale chini, akatabasamu, safari hii tabasamu la kweli. Akakunja mikono kifuani. "Haya. Mimi sizuii. Mwite aingie."

"Afande. Njoo."

Mkia ulifagia vumbi, lakini mwili haukunyanyuka.

"Njoo, mzee wangu. Leo ruhusa."

Mbwa alilia kidogo, kilio chembamba kisichofanana na ukubwa wake. Hakumtazama Geti usoni. Alimtazama mikono, huu halafu huu, akitafuta gazeti.

"Unaona?" meneja alisema, sasa kwa sauti ya kusikika mezani. "Hata yeye anajua mahali pake."

Aibu ilimpanda Geti kutoka miguuni, ikafika shingoni, na ilipofika hapo ikageuka kitu kingine. Miaka yote hiyo alikuwa akimeza, bosi huyu na bosi wa kabla yake, na watu wanaopiga honi badala ya kusalimia. Leo koo lilikataa.

"Hajui mahali pake," alisema. "Alifundishwa. Nilimpiga mimi mpaka akashika, na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo uliposimama."

Akarudi nje ya mstari. Akachuchumaa, mkono mmoja akaupitisha chini ya kifua cha mbwa, wa pili nyuma ya mapaja, akavuta pumzi, akanyanyuka. Magoti yalilia. Afande alikuwa mzito kama gunia la mahindi, tena manyoya bado yana maji, na shati safi likalowa papo hapo. Geti alivuka naye vigae, akampita meneja, akapita katikati ya meza huku anahema, watu wakivuta viti vyao na kukinga sahani. Meza iliyokuwa wazi ilikuwa ya katikati, chini ya pangaboi. Akamketisha Afande kwenye kiti kimoja, yeye akakaa kwenye kingine. Mbwa alikusanya miguu yote minne juu ya kiti, akajibana kama abiria aliyepewa nafasi ndogo, asiguse sakafu.

"Bosi kaniambia wateja wanalalamika," Geti alisema. Hakupaza sauti, hakukuwa na haja, mahali pote palikuwa kimya. "Mimi niko hapa, naye yuko hapa. Mwenye neno aseme. Hatutakasirika."

Watu wakatazama vikombe vyao. Mwishowe mama mwenye kambwa keupe akakohoa.

"Mimi nilisema ananikodolea macho," akasema. "Sikusema afukuzwe."

"Anakodolea biskuti, mama."

"Basi ndiyo hivyo," mama akasema, akamgeukia meneja kwa jicho ambalo halikuwa zuri. Kambwa keupe kalikuwa kameshashuka mapajani, kameenda kusimama chini ya kiti cha Afande, kananusa mkia unaoning'inia.

"Asihudumiwe mtu kwenye meza hii," meneja aliwaambia wafanyakazi.

Mhudumu alikuja hata hivyo. Alikuwa binti mwembamba aliyekuwa akimwachia Geti ukoko wa wali kila jioni bila kusema neno, na uso wake ulikuwa mgumu kwa hofu. "Karibuni. Mnatumia nini, baba?"

"Mimi chai ya rangi. Yeye maji."

"Ya barafu?"

"Kama wenzake."

"Wewe, nimesema nini?" meneja akafoka.

"Umesema mteja asikae bila kuulizwa, bosi. Kila asubuhi unasema." Akaondoka kwenda jikoni.

Chai ililetwa. Bakuli nalo likaletwa, jeupe, zito, likawekwa mezani mbele ya Afande kwa sababu chini hakukubali kushuka. Meneja aliinamia sikio la mlinzi. Marashi yake yalikuwa makali.

"Kunywa, mzee. Kunywa umalize. Kesho usije hapa, wewe na mbwa wako."

Geti aliweka kikombe chini taratibu. "Sema tena."

"Umenisikia."

"Nimekusikia, nataka na wao wasikie. Asubuhi alikuwa mbwa wa mkahawa, nikamtupe. Sasa umesema wangu." Akawatazama watu wa meza za karibu. "Ni wangu, jamani. Mmesikia."

"Tumesikia," mama wa kambwa akajibu.

Geti akakinyanyua kikombe tena. Alikuwa anaogopa, hilo hakuweza kujidanganya. Kodi ya chumba ilikuwa njiani, na nani angemwajiri mzee wa magoti haya? Lakini chini ya hofu ile kulikuwa na furaha ya ajabu, ya kitoto, iliyomfanya atake kucheka peke yake. Hakuwahi kukaa ndani ya mkahawa huu. Kumbe ukikaa hapa, geti linaonekana dogo namna ile.

Honi ikalia nje.

Afande alisimama juu ya kiti, masikio juu, lile zima na lile lililochanika. Kisigino cha Geti nacho kilishanyanyuka chenyewe, nusu ya mwili imeondoka. Akakirudisha chini. Akaweka mkono kwenye shingo yenye unyevu.

"Tulia. Tunakunywa chai."

Honi ikalia mara ya pili. Meneja alimtazama mhudumu. Binti alikuwa na trei mkononi. Meneja akatazama dirisha la jikoni. Mpishi akainama kutafuta kitu chini. Akamtazama Geti. Geti alikuwa anapuliza chai yake, anaisogeza mdomoni, anaipuliza tena.

Ya tatu ilikuwa ndefu, ya mtu anayeona anadharauliwa.

Meneja alitoka. Aliukatiza uwanja kwa viatu vyake vya kung'aa, karibu akimbie, akifuta jasho kwa mkono wa shati. Lile komeo halikuwa la kuvutwa tu. Lilitaka kunyanyuliwa kidogo kwanza, likishtuka ndipo lije, na hapo duniani aliyejua hivyo alikuwa mmoja. Meneja alivuta, akasukuma, akapiga kwa kiganja. Dereva alikuwa ameshatoa kichwa dirishani, anasema maneno ambayo huku ndani hayakufika vizuri.

"Baba," mhudumu alinong'ona, "niambie linavyofunguliwa, nikamwambie?"

"Niongezee sukari," Geti alisema.

Afande akakaa tena. Alilitazama geti kwa muda, kichwa kimeinama upande, kisha akanyoosha shingo juu ya meza na kuanza kunywa, taratibu, barafu ikigonga ukingo wa bakuli.