Mistari Mitatu ya Barabarani

Kosa lilikuwa la Godeliva mwenyewe: anapenda mno watu. Binti yake Esperansi, anayesomea kemia chuoni, alimwambia aache mistari mitatu ya mahindi bila ile dawa aliyomtengenezea, katikati ya shamba, ili ilinganishwe na mingine. Godeliva akaona, huko katikati nani ataiona? Akaiacha kando ya barabara, pale Ulyankulu nzima inapopita kwenda kanisani.

Wapita njia wakaona majani yenye michirizi myeupe, wakaishia hapo. Hadithi ikakamilika: mjane kaua mahindi kwa unga wa magunzi.

"Tena shemeji yako Egidi Jumamosi anawaleta wazee wa ukoo," jirani yake Consolatha alimpasha, hata kiti hajavuta. "Wakikuta mahindi yamekufa, shamba la marehemu linakwenda kwake, apande tumbaku. Mama Esperansi, si uing'oe tu hiyo mistari? Nakuja na jembe langu."

"Niing'oe kwani nimeiba? Jumamosi jumuiya isali kwangu. Waambie wote. Na yule Veneranda anayenitangaza njia nzima aje na huo mdomo wake."

Jumamosi watu walijaa mpaka wengine wakakalia vinu vilivyolazwa. Rozari ndiyo kwanza imekwisha, Egidi huyo na wazee wa ukoo, mbele yao Mzee Manirambona, mkubwa wao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama."

Egidi hakungoja hata maji ya kunywa. "Mzee, umejionea barabarani. Magunzi sisi tunawashia moto, huyu kayanywesha mahindi!"

"Ni magunzi kweli, shemeji, na maganda ya karanga," alisema Godeliva. "Esperansi anayachemsha, anatoa kile kinachoyafanya yawe magumu, anakigeuza chembe ndogo kuliko vumbi. Ndani ya chembe kuna zinki. Nikipuliza, inaganda kwenye jani, inalilisha kidogo kidogo. Ile michirizi uliyoiona ni njaa ya zinki. Ile mistari sikuipa kitu. Twendeni nyuma yake."

"Sina haja. Nimeshaona."

"Umewaleta wazee wakague shamba au wakague barabara?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, Veneranda akapiga na kigelegele. Wakatoka wote. Kuanzia mstari wa nne mahindi yalikuwa ya kijani kilichokolea, na Mzee Manirambona akazama humo, kofia na fimbo. Akatokea upande wa pili, akarudi taratibu.

"Egidi, humu uliingia?"

"Hapana, mzee."

"Sasa mimi ulinitoa nyumbani kwa lipi? Shamba lina mtu hili."

"Mavuno bado!" Egidi alisema, keshageuka. "Mtaona!"

"Tutaona, na hiyo mistari mitatu siing'oi mpaka siku ya kuvuna, uje upime masuke yake kwa kiganja chako!" Godeliva alimpazia sauti mpaka barabarani. "Na magunzi yako usiyachome, shemeji. Nakuja na gunia."