Vipande Vitano vya Nyuma ya Banda

Mzee Muhiddin alipoingia uani Ijumaa ile na kuliona jiko, aliweka mkoba wake chini, akalizunguka jiko mara moja, kisha akakaa palepale vumbini na kanzu yake nyeupe ya msikitini. Shadya, binti yake, alikuwa na mwiko mkononi na tabasamu usoni, na tabasamu lile likabaki halijui liende wapi. Katika miaka yake thelathini na minne hajapata kumwona baba yake akikaa chini bila ya kitu cha kukalia.

"Ushawasha moto?" mzee aliuliza.

"Nshawasha, baba. Tangu asubuhi. Wali ushaiva, nnamalizia mchuzi wa pweza."

"Lahaula," alisema mzee, akajifunika uso kwa kofia yake.

Tusimlaumu Shadya kabla ya kumsikiliza. Baba yake alikuwa fundi wa saruji miaka arubaini, na hapana mtaa pale Amani usiokuwa na kazi ya mkono wake: kwa huyu ngazi, kwa yule tangi la maji, kwa mwengine baraza. Nyumbani kwake mwenyewe, bintiye aliyekuwa akipikia watu harusi na khitma alipika juu ya mafiga matatu, macho mekundu kwa moshi. Mganga hajigangi, na fundi naye hajijengei. Kila akiombwa jiko alijibu, "Baada ya Ramadhani, inshaallah." Ramadhani zilikuja na zikenda.

Basi mzee alipoaga kwamba anakwenda Chwaka kwa dada yake, Bi Shemsa, akapumzike siku kumi, Shadya aliona hapa ndipo. Tangu utotoni alikuwa akimchotea baba yake maji ya kukorogea, na kazi ile aliijua kwa kuitazama. Alijua mchanga wa pwani hautumiki kwa sababu chumvi yake hula chuma. Alijua saruji haitaki maji mengi, na kwamba zege likishamwagwa linyweshwe maji siku saba, asubuhi na jioni, ama sivyo litapasuka. Matofali ya kuta alikuwa nayo, yalibaki ulipojengwa ukuta wa uani. Lililomsumbua ni bamba la juu la kukalia sufuria na bamba la chini la kukalia kuni.

Mabamba hayo aliyakuta nyuma ya banda la kuku, chini ya turubali. Vipande vitano vya zege, vyembamba, vimepigwa msasa vikalainika, na kila kimoja kina masikio mawili ya nondo ya kukamatia. Akasema moyoni, mifuniko ya mtaro hii, mteja kaisusa. Akamshukuru Mungu, akaviburuta kimoja kimoja hadi uani. Vitatu akavitandika chini na nyuma, viwili akavilaza juu na kuacha nafasi baina yao, akaziba viungo kwa saruji, akafunika kazi yake kwa magunia, na kwa siku saba akainywesha maji kama mtoto mchanga.

Jirani yake, Bi Tahiya, alikuja kulitazama akapiga vigelegele. Talib, muuza kuni, yeye aliposhusha mzigo wake asubuhi ile ya Ijumaa alilitazama jiko, kisha akayatazama yale masikio ya nondo.

"Mzee hajambo?" aliuliza.

"Hajambo, yuko Chwaka."

"Una hakika?"

"Wee Talib vipi? Kwani kuna nini?"

Talib alisema hapana kitu, akakamata gari lake akaondoka bila hata kuyamaliza maji aliyopewa. Shadya akamcheka. Wanaume wengine, alisema, wakimwona mwanamke kajenga huumwa na tumbo.

Na sasa baba yake yuko chini vumbini.

"Baba, limekuudhi? Kama ile mifuniko ni ya mtu, ntamlipa."

"Si mifuniko, mwanangu. Na si ya mtu. Ni vyangu mie." Mzee aliiondoa kofia usoni. "Ni viunza vyangu."

Mwiko ulimponyoka Shadya ukaanguka majivuni. Neno lile alilijua, nani asiyelijua? Kiunza ndicho kinachomfunika maiti kaburini kabla ya kurudishwa udongo. Lakini hajapata kukiona. Mwanamke wa Unguja humsindikiza maiti wake kwa kilio mpaka kizingitini, na kutoka hapo kwenda mbele ni kazi ya wanaume. Hata mama yake alimzika hivyo, kwa kuutazama mgongo wa jeneza ukipinda kona. Akilini mwake viunza vilikuwa mbao, kama alivyosikia kwa bibi yake. Nani angemwambia kwamba siku hizi wanaume wanavimwaga kwa zege, kwa kuwa mbao huliwa na mchwa? Talib alijua. Kila mwanamme aliyepita ukutani pale alijua.

Tangu asubuhi anachochea moto juu ya kaburi la baba yake! Alikamata ndoo ya maji akaimwaga yote, moto ukalia, mvuke ukapanda, na kipande kimoja cha juu kikapasuka ta! kutoka ncha hadi ncha. Mzee alifumba macho. Shadya alisimama na ndoo tupu, hajui aiweke wapi.

"Ulivitengeneza lini?" aliuliza, na sauti hakuitambua kuwa yake.

"Mwezi wa Shaabani."

Shaabani hii iliyopita. Si zamani, si mambo ya wazee wanaoweka sanda sandukuni wakaishi miaka ishirini baadaye. Shadya akamtazama baba yake vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie. Amerudi Chwaka bila hata samaki mmoja. Kanzu inampwaya mabegani. Na nyuma ya kiganja chake pana plasta, pale sindano inapoingia.

"Baba. Wewe hukwenda Chwaka."

"Sikwenda."

"Na shangazi kila nkimpigia simu ananambia umelala!"

"Nlimwambia mie aseme hivyo. Nlikuwa nimelazwa, Shadya. Ini. Madaktari wamesema kazi yao imefika mwisho."

Shadya alitaka kulia na kilio hakikuja. Alitaka kumtukana kwa kumficha, alitaka kumkumbatia, alitaka kuuliza muda gani umebaki, na hakujua lipi litangulie. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka jikoni.

"Huo mchuzi umeharibika?" aliuliza mzee.

"Mchuzi gani, baba?"

"Nipakulie. Siku kumi nimelishwa uji usiokuwa na chumvi."

Alimpakulia, kwa kuwa hakujua la kufanya jengine. Mzee alikula polepole, akasema hajapata kusikia mtu aliyepikiwa pweza juu ya viunza vyake mwenyewe, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kisha akajivuta hadi kwenye jiko, akapitisha kidole kwenye viungo.

"Nani kakufundisha kuziba hivi?"

"Wewe."

"Mh. Kazi safi." Hilo neno hakuwahi kumwambia hata fundi mwenziwe. "Lakini hivi haviendi tena. Masizi siyapeleki kule. Kesho utanimwagia vyengine, mie ntakaa nikuelekeze. Ndoo siinui tena."

"Mie, baba? Kazi hii ya wanaume!"

"Kule hutofika," alisema mzee. "Kazi ya mkono wako ifike."

Hapo ndipo kilio kilipokuja.

Jumamosi Shadya alikoroga, baba yake yuko kitini na bakora mkononi, anapayuka kwamba maji yamezidi, kwamba kokoto hazikuoshwa. Walimwaga vitano, nyuma ya banda la kuku. Siku saba Shadya alivinywesha maji, asubuhi na jioni, na kila jioni mzee alizidi kuuegemea mkono wake ili afike kuvitazama.

Siku ya nane alimwita kutoka kitandani.

"Naam, baba."

"Vimeshakauka?"

Shadya alikwenda akavigusa. Vilikuwa vigumu, vikavu, vimepauka vizuri, na akivigonga kwa ukucha vinalia. Dirisha la mzee lilikuwa wazi na lilivitazama vyote vitano.

"Bado, baba," alisema. "Bado vibichi."

Mzee Muhiddin, aliyekuwa akilijua zege kwa rangi yake tu, alivitazama viunza, kisha akamtazama bintiye, kwa muda mrefu.

"Basi viongeze maji," alisema.