Mwanamke wa Kwenye Dashibodi

Mke wangu Nyamburi alirudi kwao Butiama kwa sababu ya mwanamke aliyemo kwenye gari langu. Mwanamke huyo ni sauti ya kifaa cha ramani. Tulikuwa tunakwenda Bunda kumzika mjomba wake, aliyemlea na kumsomesha. Nyamburi akasema kushoto, kifaa kikasema kulia, nikakata kulia. Tulifika watu wananawa mikono ili wale, msalaba umeshasimikwa kaburini. Nyamburi hakuwahi kutupa hata konzi ya udongo.

"Kaa na huyohuyo," aliniambia tuliporudi, akafunga begi.

Wiki ya tatu baba mkwe, Mzee Magige, akapiga simu. Niende Jumamosi, wazee watakuwepo. Saa sita ikipita, nisijisumbue tena.

Niliondoka nyumbani Makoko, Musoma, saa tatu. Wakwe zangu walikuwa wamehamia boma jipya, ndani huko Butiama, nami sikuwahi kufika. Mtu wa kuniambia njia alikuwa Nyamburi, na Nyamburi ndiye niliyekuwa namfuata. Nikawasha kifaa. Wahenga walikataza kuacha mbachao kwa msala upitao. Mimi msala nilikuwa nimeufunga kwa skrubu.

Saa tano na nusu kikatangaza: "Umefika unakokwenda."

Nilikuwa katikati ya shamba la mihogo. Simu haikuwa na mtandao. Niliogopa, sifichi.

Palikuwa na mtu mmoja tu, anapalilia. Alipoinuka nikamtambua: mama mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani, na siku hiyo alikuwa amekimbilia shambani ili tusikutane. Akajifunika kanga, akanipa mgongo. Nami nikatazama usukani. Dakika kumi zikaenda hivyo.

"Umefika unakokwenda," kifaa kikarudia.

"Wewe mama wa kwenye gari," mama mkwe akaiambia mihogo, "unasemaga uongo. Hapa siyo kwetu. Mwambie huyo unayemwendesha arudi mpaka kwenye mawe mawili, ashike njia ya ng'ombe, ataona bati la bluu."

Nikaisogelea skrini. "Mwambie mama nimesikia."

"Na mwambie Bunda binti yangu amekulia. Njia anaijuaga."

"Mwambie nilikosa."

Jembe likagonga ardhi mara mbili. "Hayo akamwambie mwenyewe. Muda unaenda."

Nilifika saa sita kasoro dakika tatu. Mzee Magige alitazama saa yake kwa masikitiko.

"Nani amekuelekeza?"

"Mashine, baba."

Wazee wakaguna. Nyamburi aliona majani ya mihogo ya mama yake kwenye bampa, akageukia ukutani asicheke. Nikamwambia mbele yao wote kwamba nilikosa, kwamba nilimnyima kumzika mtu aliyemlea, na kwamba nyumba bila yeye imenishinda. Aliingia ndani, akatoka na begi.

Garini nikanyoosha mkono nizime kifaa.

"Kiache," akasema. "Kisikie."

Tulipofika barabara ya lami kikasema kulia, Musoma. Nyamburi akasema kushoto. Kushoto ni Bunda. Nikakata kushoto, na kifaa kikatuamuru tugeuze gari njia nzima, mpaka Nyamburi alipoteremka kaburini kwa mjomba wake na kuinama kuokota udongo.