Sarafu Nyuma ya Kioo

Jina la Pindo alipewa na wateja wake. Alishona sare za shule sebuleni kwake, na hakuna fundi aliyepinda sketi kama yeye. Mzazi aliyekuja na maneno mdomoni kwa sababu ya kucheleweshewa, akishaigeuza sketi upande wa ndani na kuuona upindo wenyewe, aliondoka kimyakimya. Lakini sifa haipozi mgongo. Shule zilipokaribia kufunguliwa, mgongo wa Pindo ulikuwa ukimuuma akiwa ameinama, ukimuuma akiinuka, na akijilaza ndio kwanza unaanza kudai haki yake. Baba yake alihamia kwake katika majira hayo hayo.

Mzee alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni tangu ujana wake hadi alipostaafu, na ndiyo maana hadi leo watu humwita Mzee Tiketi. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nyumba aliyokuwa amepanga ikauzwa, na mwenye nyumba mpya akaitaka tupu. Akaja kwa binti yake na kitanda, redio, koti la kazini lililobaki kuvaliwa misibani, na sarafu.

Sarafu zenyewe zilikuwa janga. Treni yake ilivuka mipaka, na msafiri akishavuka mpaka chenji ya alikotoka hugeuka chuma mfukoni. "Chukua, mkaguzi," walimwambia, "kwangu hizi hazinunui hata kiberiti." Naye akachukua, mwaka nenda mwaka rudi. Zilikuja kwa Pindo zikiwa ndani ya makopo ya kakao, vikebe vya rangi ya viatu, soksi zilizofungwa fundo, na albamu moja kuukuu ya plastiki laini. Zote zikatua juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuziweka. Kila alipotaka kukata, Pindo alihamisha makopo. Akimaliza kukata, anayarudisha. Punda wa dobi angalau hupata kivuli mchana.

Siku moja albamu ile ilimponyoka, ikafunguka. Kurasa zilikuwa zimenata, na sarafu za shaba zilikuwa zimetokwa na ute wa kijani kama kamasi. Pindo alifuta vidole kwenye aproni, akampigia simu mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa mfamasia, mwenye duka lake la dawa upande wa pili wa mji, na mtu wa utaratibu tangu utotoni.

"Dada, usitupe hata moja," alisema. "Ile ni kumbukumbu ya ukoo."

"Nani kasema natupa? Nakuuliza tuziweke wapi."

"Ngoja nifikirie."

Pindo hakuwa na nafasi ya kungoja. Alipokwenda mjini kununua zipu alipitia kwa muuza sarafu, mzee mmoja mwenye kiduka chembamba karibu na posta. Yule bwana alinusa ile albamu kabla ya kuitazama.

"Plastiki hii hutoa jasho," alimweleza. "Inaiunguza shaba polepole. Iondoe leo hii. Na usizioshe wala usizisugue ili zing'ae, utazichuna ngozi. Ukiishika sarafu, ishike ukingoni, kama unavyoshika sahani ya moto."

"Sasa niziweke kwenye nini?"

Akamwonyesha. Kulikuwa na albamu za plastiki ngumu, isiyotoa jasho. Kulikuwa na vibao vya karatasi nene vyenye kidirisha katikati, sarafu ikae humo ionekane pande zote mbili. Na kulikuwa na bahasha ndogo za karatasi, zinazopangwa wima kwenye sanduku kama kadi za wagonjwa. Pindo alizipenda bahasha. Zilikula nafasi ndogo, hazikutaka kufutwa vumbi, na sanduku lingeingia chini ya kitanda cha mzee. Mtu aliyechoka huchagua kitu kisichomwongezea kazi.

Mfamasia hakukubali.

"Bahasha?" alisema kwenye simu. "Kitu alichokikusanya maisha yake yote tukifukie chini ya kitanda? Dada, kitu kisichoonekana ni sawa na kitu kisichokuwepo. Namtengenezea kabati la kioo. Akae sebuleni aione kazi yake, na wageni waione."

"Sebuleni ndipo ninaposhonea."

"Litasimama ukutani tu."

Cherehani ilikuwa inamngoja, marundo ya sare yanamngoja, na mgongo ulikuwa umeshaanza maneno yake. "Haya, fanya unavyoona," Pindo akasema. Hakuwa amekubali. Alikuwa tu amemaliza nguvu za kubishana, na simu haionyeshi tofauti.

Lazima isemwe kwamba Mfamasia alifanya kazi. Alizichukua sarafu zote kwake, na baada ya kufunga duka alikaa nazo, kavaa glavu, anazipanga kwa kibano, nchi kwa nchi, mwaka kwa mwaka. Mkewe alilalamika kwamba meza ya chakula imegeuka benki. Seremala akatengeneza kabati lenye rafu za mteremko, akazitandika kitambaa laini cha kijani chenye vitundu, kila sarafu na kitundu chake. Mlango ulikuwa wa kioo, wenye kufuli.

Waliliingiza sebuleni kwa Pindo Jumapili moja, limefunikwa shuka. Wifi yake Pindo, mke wa Mfamasia, alikuja, majirani wawili walikuja. Mzee akaletwa kutoka chumbani, kavaa lile koti lake.

"Mwenye macho haambiwi tazama," Mfamasia akasema, akaivuta shuka.

Hata Pindo alishtuka kwa uzuri wake. Shaba, fedha, nikeli, zilijipanga safu kama wanafunzi siku ya ukaguzi. Mzee alisogea, akasimama mbele ya kabati, uso kauelekeza mbele.

"Kweli," akasema, "haambiwi." Kisha akaongeza, "Kazi nzuri, mwanangu. Kioo safi sana."

Watu wakafurahi. Mfamasia akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni kwa usalama. Pindo peke yake ndiye aliyegundua kwamba baba yake alikisifu kioo, na hakutaja sarafu hata moja. Lakini chai ilikuwa inachemka, akaenda kuiepua, na wazo likabaki jikoni.

Kesho yake kioo kilikuwa na alama za vidole. Akakifuta. Siku iliyofuata zilikuwepo tena, zimetapakaa toka rafu ya juu hadi ya chini, na alama pana ya kiganja. Akakifuta tena. Ikawa ndiyo kazi yake ya kwanza kila asubuhi, kabla ya kuwasha pasi.

"Baba, kioo kinachafuka," alimwambia, kwa upole.

"Nisamehe, mama. Nitaangalia."

Asubuhi alama zilikuwepo.

Kisha mchana mmoja Pindo alitoka chumbani na sketi mkononi, pini kinywani, akamkuta mzee amesimama mbele ya kabati, paji la uso karibu liguse kioo. Kiganja kilikuwa kinatambaa taratibu juu yake, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi. Kitu fulani kikamfanya asimkemee. Alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye sketi.

"Baba, hapo umeweka mkono kwenye sarafu ipi?"

Mzee hakugeuka. "Hii? Hii ni ile yenye samaki."

Mkono ulikuwa kwenye fremu ya mbao. Hapakuwa na sarafu hapo.

Pindo akavuta kigoda, akakaa.

"Baba, huoni."

"Naona mwanga. Dirisha naliona. Wewe nakuona ukipita, kama nguo kwenye kamba upepo ukivuma."

"Tangu lini?"

"Ilianza zamani, kidogo kidogo. Mama yenu alijua. Alikuwa akinisomea na kunipangia nguo, na watu wakija ananifinya mkono na kuninong'oneza jina."

"Na sisi je? Mbona hukutuambia?"

"Ningekwambia, ungefanya nini?" alisema mzee. Hakukuwa na lawama katika sauti yake. "Una sare za kushona."

Pindo alitaka kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu. Alikaa tu, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani. Sukari iliyomwagika mezani. Shati lililovaliwa ndani nje. Jinsi mzee alivyochovya ncha ya kidole kikombeni wakati wa kumimina chai, naye akadhani ni tabia ya uzee tu. Yeye, anayeona mshono ulioruka tundu moja akiwa mlangoni, ameishi na kipofu nyumba moja na hakumwona.

Mfamasia alikuja jioni ile ile, bado na koti lake jeupe. Alimwinua mzee kidevu, akampitishia tochi ya simu machoni. Kisha akazima tochi, akabaki ameishika. Asubuhi walimpeleka kwa daktari wa macho, na daktari hakuwazungusha. Mishipa ilikuwa imeshakufa. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kingelindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni.

Waliporudi nyumbani, mzee alisimama mbele ya kabati.

"Mwanangu, nifungulie lile kabati."

Mfamasia akamtazama dada yake, akamtazama mzee.

"Baba, jasho la mikono linakula sarafu. Si maneno yangu. Zikishikwashikwa zinakwisha. Ndiyo maana nilivaa glavu."

"Sarafu hizo zimepita mikononi mwa wauza samaki na wapaka grisi," mzee akasema. "Leo mkono wangu ndio utakaoziua?"

Wifi, aliyekuwa jikoni, alicheka, kisha akajiziba mdomo. Mfamasia mwenyewe hakucheka, lakini uso ulilegea. Akatoa ufunguo.

"Nilitaka uzione," akasema, taratibu. "Hicho tu ndicho nilichotaka."

"Najua. Na kazi yako nimeisikia. Nimepapasa fremu yote, haina kibanzi."

Wakazitoa rafu, wakaziweka mezani. Pindo alisukuma sare pembeni, nyingine zikaanguka, akaziacha. Mzee akaketi, akaanza. Alishika ukingoni, bila kufundishwa, akipitisha ukucha kwenye vijino. "Hii ni ya bwana mmoja mwenye kuku. Alikuwa na kuku ndani ya begi, akidhani sitasikia." Akachukua yenye tundu katikati. "Hii ni ya bibi harusi. Alilia toka mpakani mpaka stesheni ya mwisho, na aliposhuka akacheka." Nyingine aliipapasa kwa muda mrefu, akairudisha. "Hii siijui. Labda niliijua kwa macho tu."

Hapo ndipo walipopata njia yao, bila mtu kuitangaza. Zile ambazo vidole havikuzitambua, Mfamasia alizitia kwenye bahasha za muuza sarafu, akaandika juu yake kwa mwandiko wa chupa za dawa, akazipanga wima sandukuni. Zile ambazo vidole vilizitambua zilibaki kwa mzee. Kulikuwa na moja ya fedha, safi mno, ambayo Mfamasia aliipenda kuliko zote. Mzee alipoikandamiza kidole gumba katikati ya uso wake, kijana aligeuka akatazama dirishani.

Pindo alizishonea hizo za mzee mkeka wa kitambaa cha pamba, alichokiloweka na kukifua mpaka wanga wote ukatoka. Ulikuwa na vimfuko safu kwa safu, na kila kimfuko alikitia fundo la uzi ukingoni: moja, mawili, au kishada, ili mzee ajue aliko. Ukikunjwa ulikuwa mdogo kama kitambaa cha kujifutia. Aliushona usiku, kwa muda aliouiba kwenye sare, na wazazi wawili walirudi mikono mitupu na hasira zao. Aliwaacha wakasirike.

Kabati lilikaa sebuleni tupu kwa muda, likimgonga kiunoni kila alipopita, mpaka Mfamasia alipokuja na mkokoteni kulichukua. Sasa limo dukani kwake, limejaa chupa za manukato.

Shule zikafunguliwa. Pindo alidhani uchovu utaondoka na sare, lakini uliketi tu kiti kingine. Kulikuwa na matone ya asubuhi na ya jioni, maji ya kuoga ya mzee, na kumsomea magazeti hata kurasa za matangazo ya vifo, alizozipenda. Mfamasia alichukua Jumapili zote na hakukosa hata moja, jambo ambalo Pindo hakulitegemea.

Alasiri moja mzee alikuwa kakunjua mkeka wake mapajani, Pindo anakata kola. Sarafu moja ikamponyoka mzee. Iligonga sakafu, ikabingirika, ikazunguka mahali fulani chini ya meza ya kukatia, ikatulia.

"Imeenda wapi?" mzee akauliza.

"Chini ya meza, baba. Huku mwisho kabisa, ukutani."

"Ni ile niliyopewa na askari mmoja. Nimeisikia mlio."

Pindo aliweka mkasi, akashika ukingo wa meza ili ainame. Mgongo ulimjibu palepale. Alibaki nusu kasimama, nusu kainama.

"Iache," mzee akasema. "Itakimbilia wapi?"

"Nitaichukua kesho."

"Kesho. Au kijana akija. Njoo ukae."

Akaenda, akakaa kando yake kwenye kochi, akavua viatu. Mzee akampa mkeka aushike upande mmoja, wakaanza kuukunja.