Mama Mkwe kwenye Njia ya Baiskeli

Mogesi alikuwa mtu wa kushoto. Tangu barabara ya Nyamisangura ilipotiwa lami na kuchorewa njia ya baiskeli pembeni, hakuna aliyewahi kumwona nje ya upande wake. Asubuhi alishuka kutoka mlimani na madumu ya maziwa, akayagawa kwenye migahawa ya mjini, na alasiri akarudi na gunia la pumba za ng'ombe kwenye keria. Kabla ya kukata kona aligeuka, akatazama nyuma, kisha akatoa mkono. Vijana wa bodaboda walimcheka.

"Mogesi, unampungia nani? Mchumba?"

"Nampungia atakayenigonga," alijibu, "asije akasema hatukuagana."

Mwalimu wake alikuwa Swaleh, fundi baiskeli mwenye kibanda kando ya njia hiyo. Baba yake Swaleh alikuja Tarime kutoka Tanga akiwa kijana, hakurudi tena. Swaleh alikuwa na ulimi mwepesi kuliko mikono yake, na mikono yake ilikuwa myepesi kweli. Hakuziba pancha bila kutoa mawaidha.

"Wanasema ajali haina kinga," alisema huku akisugua tairi. "Uongo mtupu. Kinga ni kengele, kinga ni breki, kinga ni kukaa kushoto kwako. Njia yetu hii ni moja tu, bwana. Anayekwenda mjini na anayetoka mjini wanagawana kama ndugu waliolala kitanda kimoja. Ukijigeuza ovyo, mwenzio anaanguka."

Na kweli njia ilikuwa moja, upande mmoja tu wa barabara. Kwa Mogesi akirudi nyumbani, kushoto kwake palikuwa na mtaro wa zege wenye kina cha kumfika mtu kiunoni. Kulia kwake walipita wanaokuja, halafu mstari mweupe, halafu barabara yenyewe, na malori ya fuso yanayoteremka kutoka mjini kuelekea kule kule anakoelekea.

Mwaka ule mama mkwe wake, Mama Ghati, alipata baiskeli. Mwanawe wa mwisho aliituma kutoka Mwanza, ya kike, yenye kikapu mbele. Watu walidhani atakigeuza kikapu kiota cha kuku. Mama Ghati alikuwa na wajukuu wenye ndevu. Lakini alimwendea Swaleh, akamwambia amfundishe, na Swaleh akamfundisha kwenye uwanja wa kanisa mpaka akaacha kuanguka.

Sababu yake haikuwa mchezo. Mama Ghati hakusoma utotoni. Sasa kanisani kulikuwa na darasa la jioni, na mwalimu wake, Felista, alikuwa amemfikisha mahali pa kuunganisha silabi zikatoa neno. Aliahidi mbele ya jumuiya kwamba kabla ya Krismasi atasimama na kusoma somo yeye mwenyewe, kwa macho yake, si kwa kukariri. Kutoka kwake hadi kanisani ni mbali. Kwa miguu angerudi gizani, na watoto wake wasingekubali. Kwa baiskeli alirudi jua likiwapo bado. Bila baiskeli hakuna darasa.

Mogesi alilijua hilo kwa kusimuliwa na mkewe, Scholastica. Kwa macho hakuwahi kuliona, na hakupaswa kuliona. Wakurya wana neno lao, ensoni. Ni haya, lakini ni haya yenye heshima ndani yake. Mkwe hamshiki mkono mama mkwe wake. Hali chakula naye, hamkazii macho. Wakikutana njiani, mkwe huacha njia, akaingia hata kwenye mahindi ya watu, akageuza uso mpaka mama apite. Naye mama, kwa upande wake, humkwepa mkwe. Hakuna aliyewahi kumfundisha Mogesi jambo hili. Alilinyonya pamoja na maziwa.

Jumanne moja Mama Ghati aliwahi kutoka nyumbani, kwa sababu mawingu yalikuwa mazito. Mogesi naye alichelewa mjini, akisubiri pumba. Alikuwa anapita karibu na kibanda cha Swaleh, gunia nyuma, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, alipoona kikapu. Kisha akaiona khanga. Kisha akaona ni nani aliyeivaa, naye hakuwa mbali hata kidogo.

Mwili wake uliamua kabla ya akili. Akaacha njia. Kushoto kulikuwa na mtaro, basi akakata kulia, akavuka mstari mweupe, akaingia barabarani ili mama apate njia yote. Hakutazama nyuma. Hakutoa mkono. Na Mama Ghati, alipomwona mkwe wake, naye akafanya heshima yake: akakunja usukani, akavuka mstari, akaingia barabarani ili mkwe apate njia yote.

Njia ya baiskeli ikabaki tupu, nyeupe, imenyooka. Wakwe wakagongana kwenye lami.

Gunia lilipasuka. Pumba ziliwafunika wote wawili kama unga wa mashine. Mogesi aliinuka upesi, goti likivuja damu, na jambo la kwanza alilofanya, Mungu amsamehe, ni kugeuza uso. Alisimama pale barabarani akimpa mgongo mama yake mkwe, ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Nyuma yake mama alikuwa chini, mguu umebanwa kati ya baiskeli mbili. Na fuso lilikuwa linateremka kutoka mjini, honi inalia, breki zinapiga kelele.

"Mogesi!" Swaleh alikuwa ameruka kutoka kibandani, spana mkononi. "Mshike mama!"

Mogesi alisikia. Miguu ilikataa.

"Mura, kijana! Mshike, atakufa!"

Ndipo Mogesi alipogeuka. Alimtazama Mama Ghati usoni, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake, akaona uso wa mwanamke mwenye hofu, nyusi zimejaa pumba. Akamshika kwapani kwa mikono yote miwili, akamvuta kwa nguvu zake zote. Wakaanguka pamoja ndani ya njia ya baiskeli. Fuso lilisimama juu ya pumba, pale mama alipokuwa amelala.

Utingo aliteremka, akawatazama, akavua kofia. Mama Ghati alijifunika uso kwa khanga. Mogesi aliachia mikono yake kana kwamba ameshika sufuria ya moto.

"Nimewafundisha kona," Swaleh alisema hatimaye. "Nimewafundisha breki. Ukwe sikuufundisha."

Mguu wa Mama Ghati ulikuwa umeteguka, haukuvunjika. Lakini siku chache baadaye Scholastica alirudi kutoka kwa mama yake amenuna.

"Sylvester anaiuza baiskeli," alisema. Sylvester alikuwa kaka yake mkubwa, ndiye mwenye sauti nyumbani kwao. "Amesema basi. Mama haendi tena darasani."

"Kwa nini aseme kosa ni la mama? Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyevuka bila kutazama."

"Hasemi ni kosa la mama. Anasema mtakutana tena. Njia ni ile ile, wewe ni yule yule, na mama ni yule yule. Ameniuliza, 'Mume wako safari nyingine ataacha nini, heshima au mama?'"

Mogesi aliinuka. Alikwenda zizini, akapiga magoti kwenye majani makavu kando ya ndama. Hakuwa mtu wa maneno mengi mbele za Mungu. Alisema tu kwamba mikono yake ilimshika mama na hajui kama amefanya dhambi, na kwamba kuna mama mzee anayetaka kusoma Neno, naye Mogesi ndiye aliyemzibia njia. Ndama alimlamba sikio. Hapo akaiona tena njia, tupu, imenyooka, hakuna mtu ndani yake, na wao wawili nje, kila mmoja ametoka kumpisha mwenzake. Akaanza kucheka, machozi yakimtoka.

Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa wakwe zake. Hakuingia. Walimwekea kigoda nje, kando ya ukuta, na Sylvester akaketi mbele yake amekunja mikono. Ndani, chini ya dirisha, Mama Ghati alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Scholastica alisimama mlangoni, kati ya ndani na nje, maana maneno ya wakwe hawa yalipita kwake.

"Shikamoo, mama," Mogesi aliuambia ukuta.

"Anasema shikamoo," Scholastica akasema ndani.

"Nimesikia, mimi si kiziwi," ukuta ukajibu. "Mwambie marahaba. Mwambie mikono yake ni ya kuvuta ng'ombe, mbavu zinaniuma kuliko mguu."

Sylvester alitaka kucheka, akajizuia. "Shemeji, sema ulichokuja kusema."

Mogesi alikohoa. "Nimekuja kuomba baiskeli isiuzwe."

"Mkikutana tena?"

"Nitakaa kushoto kwangu. Sitatoka."

"Yaani utampita mama yako mkwe kama mtu wa sokoni?" Sylvester aliinua sauti. "Ensoni imekwisha, basi. Tutabaki watu wasio na haya."

"Shemeji, nisikilize. Kule mashambani natoka njiani kwa sababu pembeni kuna majani. Nikitoka, mama anabaki na njia. Hapa nimetoka, nikaenda kukaa pale pale alipokimbilia yeye. Nilimpa heshima ikamweka chini ya fuso. Kwenye ile njia kila mtu ana upande wake. Nikikaa kwenye wangu, na macho yangu nikayatupa mtaroni, na nikapiga kengele toka mbali ili mama asishtuke, hapo nimempisha. Nikiuacha upande wangu, namnyang'anya wake."

"Na kule kumshika?"

Mogesi alitazama vidole vyake.

"Hilo sina la kujitetea. Mkisema mbuzi, nitaleta mbuzi."

Ukuta ukasema, taratibu, bila kumsubiri Scholastica: "Sylvester."

"Mama."

"Mimi nilipokuwa pale chini nilimwona amenipa mgongo. Nikasema moyoni, Bwana, mkwe wangu ana heshima sana, naye ataniua. Mwambie asilete mbuzi. Na wewe usiuze kitu kisicho chako."

"Mama, mimi nakuhofia tu."

"Hofia tairi. Halina upepo tangu Jumanne."

Sylvester alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Usiku ule wa ajali alikesha kando ya kitanda cha mama yake, akijifanya anasikiliza redio. Akamwambia Mogesi, "Sawa. Lakini nikisikia mmegongana tena, naifunga kwa mnyororo."

Mguu ulichukua wiki tatu kupona. Mogesi alipita kwenye njia kila alasiri na kila alasiri alipunguza mwendo kwenye ile sehemu karibu na kibanda, ingawa alijua mama bado yuko kitandani. Swaleh alimwona.

"Unaogopa nini, mura? Hayupo."

"Naogopa siku atakayokuwepo. Mwili wangu haujasoma, Swaleh. Ni mimi tu niliyesoma."

Swaleh alichukua kopo la mafuta. Alimtilia kwenye kengele, bure.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua, na pumba zilichelewa tena. Mogesi aliiona khanga kutoka mbali sana, na kikapu, na ndani ya kikapu kitambaa cha kufungia kalamu na daftari. Mabega yake yakaanza kugeuka kulia yenyewe, kama ng'ombe anayejua njia ya mtoni. Nyuma yake kulikuwa na fuso linateremka. Alilisikia.

"Bwana, nishikie usukani," alisema.

Akapiga kengele mara moja. Akainamisha macho mpaka akauona ukingo wa mtaro tu, zege na maji machafu na ganda la ndizi. Akakaza mikono. Aliona kwa pembe ya jicho kivuli cha baiskeli nyingine kikija, kikiyumba kidogo, kikijirekebisha. Kengele ikajibu, mara moja. Vivuli viwili vikapitana bila kugusana. Fuso likapita kando yao wote, upepo wake ukapeperusha khanga, likaenda zake.

Swaleh alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda na spana, hapumui.

Mogesi aliendelea mpaka kwenye njia panda ya kuelekea mlimani. Pale lazima akate kulia, avuke barabara. Akapunguza mwendo. Akageuka, akatazama nyuma, kama sheria inavyotaka, akatoa mkono. Gari halikuwapo, angeweza kuvuka mara moja. Lakini alitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika. Mbali kule mama yake mkwe alikuwa akienda, mgongo umenyooka, ndani ya mstari, upande wake wa kushoto, kuelekea darasani.